Fukuto, Mbio za Magari na Kazi ya Ghalani

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika

Si desturi ya jarida hili kuandika habari za mashindano ya magari. Kurasa zake ni za mizani, daftari za hesabu, mikutano mikuu na bei za mazao, na wanachama wamezizoea hivyo. Lakini kila msimu unapokaribia, na magunia ya korosho yanapoanza kuingia maghalani katika miezi ya Oktoba na Novemba, liko jambo moja ambalo makatibu wengi hawaliweki katika mipango yao hata kidogo, nalo ni joto. Wapo wasemao kuwa joto ni joto, na kwamba babu zetu walilima humo humo. Nia ya makala hii ni kuonyesha kwamba joto si la namna moja. Liko joto kavu, na liko fukuto, yaani joto lililochanganyika na unyevu wa hewa, na hili la pili ndilo linaloangusha watu kabla hawajajua kuwa wamo hatarini. Waliotuonyesha jambo hili waziwazi kuliko wengine ni madereva wa mbio za magari, kwa kuwa kila kitu chao hupimwa, na kila kinachowapata huonwa na ulimwengu mzima.

Tarehe 8 Oktoba 2023 magari ya langalanga yalishindana katika uwanja wa Lusail, karibu na mji wa Doha, nchini Qatar. Mashindano yalianza saa 2 usiku, na hapakuwa na jua hata chembe. Hata hivyo hewa ilikuwa imepita nyuzi 30, nayo ilikuwa imejaa unyevu wa bahari ya Ghuba. Kuliongezeka na jambo jingine. Wakuu wa mashindano walikuwa na mashaka juu ya usalama wa matairi, wakaamuru kwamba tairi lolote lisitumike zaidi ya mizunguko 18 kati ya mizunguko 57 ya mashindano. Kwa kawaida dereva hupunguza mwendo mara kwa mara ili atunze matairi yake, na katika kupunguza huko hupata kupumua. Safari hii hapakuwa na haja ya kutunza. Wakaendesha kwa nguvu zote tangu mwanzo hadi mwisho.

Matokeo yake yalistaajabisha watu. Esteban Ocon wa Ufaransa alitapika ndani ya kofia yake ya chuma akiwa katika mwendo, akaendelea hadi mwisho. Logan Sargeant wa Marekani, ambaye wiki ile alikuwa na mafua, alishindwa akaliacha gari. Alex Albon alipelekwa kwa waganga, wakaona kwamba amezidiwa na joto. Lance Stroll wa Kanada alieleza kwamba fahamu zilikuwa zikimpotea katika kona za kasi. Hawa ni vijana wenye afya, wafanyao mazoezi kila siku, wenye madaktari wao na chakula cha kupimwa. Ikiwa watu wa namna hiyo waliangushwa usiku, basi yafaa tuulize ni nini hasa kilichowaangusha.

Mwili wa binadamu ni jiko lisilozimwa. Mtu aliyekaa tu barazani hutoa joto lipatalo wati 100, sawasawa na taa ya umeme ya zamani. Akisimama na kuanza kubeba magunia, joto hilo huwa mara nne au zaidi. Nalo halina budi kutoka nje, maana mwili hutaka kubaki karibu na nyuzi 37 usiku na mchana. Ukifika nyuzi 40 mambo ya ndani huanza kuharibika. Hewa inapokuwa baridi, joto hutoka lenyewe kupitia ngozi. Lakini ngozi ya mtu afanyaye kazi katika joto ina nyuzi kama 35. Hewa ikiwa na nyuzi 32, njia hiyo karibu imeziba, na mwili hubakiwa na njia moja tu, nayo ni jasho.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Jasho linalotiririka na kudondoka chini halimpoozi mtu. Linalompooza ni jasho linalokauka juu ya ngozi, kwa sababu maji yanapogeuka mvuke huchukua joto na kuondoka nalo. Lita moja ya jasho ikikauka yote huondoa kilojuli 2,400 hivi. Kibarua anayetoa joto la wati 400 huzalisha kilojuli 1,440 kwa saa. Maana yake ni kwamba akikausha kiasi cha zaidi kidogo ya nusu lita kwa saa, atakuwa salama. Basi mtu aliyeloa chapachapa tusimtazame kwa furaha tukidhani anapoa. Kuloa kwake ni dalili kwamba jasho halikauki.

Na kwa nini halikauki? Mama yeyote aliyefua nguo wakati wa masika anajua jibu. Nguo hushinda kambani kutwa, na jioni huanuliwa zikiwa bado mbichi, si kwa kuwa hakuna joto bali kwa kuwa hewa imekwisha shiba maji. Hewa ina kiasi chake. Katika nyuzi 20, mita moja ya ujazo haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 za mvuke. Katika nyuzi 30 hubeba gramu 30. Katika nyuzi 35 karibu gramu 40. Kipimo kinachotangazwa redioni kuwa "unyevu asilimia 75" maana yake ni kwamba hewa imebeba robo tatu ya uwezo wake wakati ule. Kipimo hicho kina udanganyifu ndani yake. Alfajiri unyevu huweza kufika asilimia 95 na mtu asihisi taabu, kwa kuwa hewa ni ya baridi na uwezo wake ni mdogo. Mchana ukashuka hadi 65 naye akahema, ingawa maji yaliyomo hewani ni yale yale au yamezidi.

Tuchukue mfano wa mahali pawili ambapo watu wa chama chetu huwa na safari. Tuseme ghala la pwani lina nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75, na uwanja wa Dodoma kabla ya mvua una nyuzi 34 na unyevu wa asilimia 30. Kipimajoto kitasema Dodoma kuna joto zaidi. Lakini hewa ya ghala lile ina gramu 25 za mvuke katika kila mita ya ujazo, na ile ya Dodoma ina gramu 11 tu. Ngozi yenye jasho, ikiwa na nyuzi 35, iko kwenye gramu 40. Tofauti ndiyo inayovuta jasho likauke: pwani ni gramu 15, Dodoma ni 29. Hivyo uwezo wa kukausha jasho pwani ni nusu ya ule wa Dodoma, ingawa kipimajoto kimeonyesha kinyume. Wale ndugu zetu wa bara wanaotucheka tunapolalamika kwa nyuzi 32 yafaa wapewe hesabu hii.

Liko jambo jepesi la kupima fukuto bila mitambo. Chukua vipimajoto viwili vya kawaida. Kimoja kiache kikavu. Cha pili kifunge kitambaa cha pamba kilichochovywa maji safi kwenye tundu lake la chini, kisha vyote viwili vipungie upepo kwa dakika chache, kivulini. Kile chenye kitambaa kitashuka, kwa kuwa maji yanayokauka hukipooza kama jasho linavyompooza mtu. Kikishuka sana, hewa ni kavu. Kikishuka kidogo, hewa imeshiba. Katika mfano wetu wa ghala, kipimajoto kilicholoa kitasimama karibu na nyuzi 28. Dodoma kitashuka hadi karibu na 21. Kipimo hiki cha maji ndicho cha kuogopwa. Mwaka 2010 wataalamu wawili, Sherwood na Huber, walionyesha kwa hesabu kwamba kipimajoto kilicholoa kikifika nyuzi 35, hata mtu mwenye afya aliyekaa kivulini uchi na maji tele hawezi kuishi kwa muda wa saa nyingi. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2022 na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, yaliyofanywa kwa vijana wenye afya, yakaonyesha kwamba katika hewa yenye unyevu mwingi mwili huanza kushindwa mapema zaidi, kwenye nyuzi 30 au 31 hivi, hata kwa shughuli nyepesi tu. Kutoka 28 ya ghala letu hadi 31 si mbali.

Wanajeshi walilijua jambo hili zamani. Katika miaka ya 1950 jeshi la Marekani lilikuwa likipoteza askari wapya katika mazoezi huko Parris Island, South Carolina, mahali penye fukuto. Ndipo kikabuniwa kipimo kinachojumlisha vipimajoto vitatu: saba ya kumi hutoka kwenye kile kilicholoa, mbili ya kumi kwenye kile kilichomo ndani ya tufe jeusi linalopokea mwako wa jua, na moja ya kumi tu kwenye kile kikavu ambacho sisi sote hukitazama. Viwango vya kimataifa vya kazi bado hutumia kipimo hicho. Kwa kazi nzito ya mtu aliyekwisha kuzoea joto, kikomo chake ni nyuzi 26. Kikipita hapo, kazi haina budi kukatwa kwa mapumziko. Msomaji aliyefuata hesabu ataona kwamba mchana wa Novemba pwani hauwezi kuwa chini ya kikomo hicho.

Sasa turudi kwa madereva. Nguo zao ni za tabaka kadhaa, zimetengenezwa kuzuia moto usiingie, na kwa hiyo huzuia jasho lisitoke. Chini yake kuna nguo nyingine ndefu, kichwani kofia ya kitambaa na juu yake kofia ngumu, mikononi glavu. Nyuma ya kiti kuna injini. Chumba cha dereva hufika nyuzi 50 na kupita. Maji ya kunywa huletwa kwa mrija, nayo huwa moto kama chai kabla mashindano hayajafika kati. Mapigo ya moyo hupita 160 kwa dakika, na katika mashindano ya joto kali dereva huweza kupungua kilo 3 kwa muda usiotimia saa mbili. Hizo ni lita tatu za maji. Jasho linatoka kwa wingi, lakini halina pa kukaukia.

Si jambo la jana. Tarehe 16 Januari 1955, huko Buenos Aires, Argentina, mashindano ya saa tatu yalifanywa katika joto kali la kiangazi cha huko. Madereva wakawa wanashuka garini mmoja mmoja, wengine wakibebwa, na magari yakaendeshwa kwa zamu. Gari lililoshika nafasi ya pili lilikuwa limeendeshwa na watu watatu. Wawili tu ndio waliomaliza mashindano bila kupokewa, Juan Manuel Fangio na Roberto Mieres, wote wenyeji wa nchi hiyo. Na Fangio ndiye aliyeshinda, mguu wake ukiwa umeungua kwa vyuma vya moto vya gari. Wapo wanaoisimulia siku hiyo kama habari ya ushujaa. Mimi naisoma kama habari ya mazoea, maana waliostahimili walikuwa watu wa mahali pale.

Mwaka 1984, mwezi Julai, ikawa zamu ya Dallas, Texas. Lami yenyewe iliyeyuka na kubomoka chini ya magurudumu. Nigel Mansell wa Uingereza, gari lake lilipokwama karibu na mwisho, alishuka akajaribu kulisukuma hadi kwenye mstari, akaanguka na kuzimia. Aliyeshinda alikuwa Keke Rosberg wa Finland, naye alikuwa amevaa ndani ya kofia yake kitambaa chenye mirija ya maji ya baridi. Hakutegemea jasho likauke. Alilichukua joto kwa maji moja kwa moja. Ni ajabu kwamba ilichukua miaka 41 hekima hiyo kuwa sheria. Baada ya yale ya Qatar, Shirikisho la Kimataifa la Magari liliweka kanuni ya mwaka 2025: ikitabiriwa kwamba joto, likiwa limehesabiwa pamoja na unyevu, litapita nyuzi 31, inatangazwa hatari ya joto, na kila gari ni lazima lifungwe mtambo wa kumpooza dereva kwa fulana yenye mirija. Tangazo la kwanza lilitolewa Singapore, mwezi Oktoba 2025. Na mashindano ya Qatar yenyewe yaliondolewa katika mwezi wa Oktoba, yakapelekwa mwisho wa mwaka hewa inapopoa. Katika hatua zote hizo, hii ya kubadili tarehe ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote.

Injini nayo huteseka, ingawa kwa njia nyingine, na hapa wenye malori wasikilize. Injini hula hewa. Mita moja ya ujazo ya hewa kavu usawa wa bahari, katika nyuzi 15, ina uzito wa kilo 1.225, katika nyuzi 35 ina kilo 1.146. Hivyo kwa kila pumzi injini hupata hewa pungufu kwa asilimia 6 hivi. Unyevu huongeza upungufu. Watu husema hewa ya fukuto ni nzito. Kwa kweli ni nyepesi, kwa kuwa chembe ya maji ni nyepesi kuliko chembe za hewa ambazo imechukua nafasi yao, na hizo zilizosukumwa nje ni pamoja na oksijeni. Uzito tunaouhisi ni wa miili yetu wenyewe. Hata hivyo kwa injini unyevu ni jambo dogo likilinganishwa na mwinuko. Madereva wa Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, walilijua hilo vizuri: gari lililotengenezwa vema kwa Mombasa liliishiwa pumzi likipanda nyanda za juu, ambako kila pumzi ina hewa pungufu kwa zaidi ya asilimia 15. Kwa miaka mingi mashindano yale yalifanywa wakati wa Pasaka, katika masika, na waliofuatilia kina Joginder Singh na Shekhar Mehta watakumbuka zaidi tope kuliko joto.

Lori la chama halishindani na mtu, lakini rejeta yake hufuata kanuni zile zile. Maji yaliyo karibu na kuchemka hupoa vizuri hewa ikiwa na nyuzi 15, kwa kuwa tofauti ni nyuzi 85. Hewa ikiwa na 35 tofauti ni 65, yaani uwezo wa kupoza umepungua kwa karibu robo. Ukiongeza mzigo uliozidi kipimo, kilima, na rejeta iliyoziba vumbi, basi usishangae lori likisimama njiani. Matairi yapimwe upepo asubuhi yakiwa baridi. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi, hupata moto, na mwishowe hupasuka. Na dereva asipunguze upepo wa tairi lililopata moto kwa kudhani limezidi. Likipoa atalikuta pungufu.

Basi tuje nyumbani na ghalani. Mwezi wa Novemba pwani ya kusini ni majira ya maleleji: kusi imekwisha, kaskazi haijashika. Upepo unakufa wakati ule ule ambao unyevu unapanda na mazao yanaingia. Upepo ni nusu ya dawa, kwa kuwa huondoa hewa iliyoshiba iliyogandamana na ngozi na kuleta nyingine. Feni hufanya kazi hiyo hiyo. Haipunguzi joto la chumba hata kidogo. Wazee waliojenga nyumba za makuti zenye madirisha yanayotazamana na baraza ndefu walijua walichokifanya. Sisi tumejenga maghala ya mabati, yenye mlango mmoja mkubwa na matundu madogo juu, kwa sababu ya usalama wa mazao na hofu ya wezi, na hilo linaeleweka. Lakini bati lililopigwa na jua kutwa hugeuka jiko, nalo humwaga mwako wake juu ya vichwa vya watu hata kama hawalioni jua. Ndani yake makuli hupanga gunia la kilo 80 juu ya jingine, hadi karibu na dari, mahali penye joto kuliko pote.

Miaka kadhaa iliyopita, nikikagua vitabu vya chama kimoja ambacho sitakitaja, nilikuta katika kitabu cha mihutasari uamuzi wa kamati kwamba kibarua mmoja akatwe ujira wa siku tatu kwa kufika kazini amelewa na kuanguka ghalani. Mkaguzi akikuta makato hana budi kuuliza. Mshika ghala alinieleza kwamba kijana yule alianza kazi saa 1 asubuhi. Ilipofika saa 7 mchana alikuwa akiyumba, akijibu mambo ambayo hakuulizwa, akagombana na karani wa mizani bila sababu, kisha akaanguka. Wenzake walimlaza chini ya mwembe ili pombe zimtoke. Nilipouliza nani alinusa pombe, hakuna aliyesema ndiye. Ilikuwa siku yake ya pili ya kazi, alitoka wilaya ya milimani. Jioni alipelekwa zahanati kwa baiskeli, na kadi yake, ambayo kamati haikuiomba, ilikuwa imeandikwa kwamba amezidiwa na joto na kwamba figo ziangaliwe. Nilishauri uamuzi ule urejeshwe mbele ya kamati, na ujira wake ukalipwa. Kazi ya kubeba hakuirudia.

Ningependa kila katibu aisome habari hiyo mara mbili. Ubongo ukipata moto, mtu huyumba, huropoka, huwa mkali, kisha huzimia. Na kwa macho ya haraka hizo ni dalili za ulevi. Yale yaliyowapata madereva wa Qatar yalionekana na kila mtu kuwa ni joto kwa kuwa yalitendeka mbele ya kamera na waganga. Kijana yule hakuwa na kamera.

Dalili huanza kidogo kidogo: kichwa kuuma, kizunguzungu, misuli kukaza, kichefuchefu, mkojo kuwa mchache na mweusi. Hapo mtu apumzishwe kivulini penye upepo na apewe maji. Akianza kuropoka au kuzimia, hiyo ni hatari ya kifo. Avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa kwa nguvu, papo hapo, wakati usafiri unatafutwa. Kumpooza kunatangulia safari. Asinyweshwe kitu chochote akiwa hana fahamu.

Katika kuzuia, la kwanza ni saa za kazi. Upakiaji na upangaji wa magunia uanze alfajiri, usimame saa 5, uendelee saa 10 jioni. Najua pingamizi: mnunuzi huleta lori saa 6 mchana na anataka liondoke saa 8. Lakini wakuu wa langalanga, wenye mikataba mikubwa kuliko yetu, walihamisha mashindano mwezi mzima na zaidi. Chama kinaweza kuandika katika mkataba wa mauzo saa za kupakia. La pili ni mapatano ya ujira. Pale makuli wanapolipwa kwa gunia, hakuna atakayepumzika kwa hiari yake, kwa kuwa mapumziko yanakula posho ya watoto wake. Mapumziko yapangwe na mshika ghala kwa wote, na bei ya gunia izingatie hivyo. Hapa sikubaliani na wale wanaosema kwamba mtu mzima ajipime mwenyewe. Dereva aliyetapika kofiani hakusimama. Alikuwa na mashindano yake, na kuli ana yake.

Mgeni asipewe kazi ya siku nzima. Mwili hujifunza joto kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Hujifunza kutoa jasho mapema na kwa wingi, na kutunza chumvi. Madereva hujifungia katika vyumba vya moto kabla ya mashindano kwa sababu hiyo. Kanuni inayotumika sana ni kumpa mgeni sehemu moja ya tano ya kazi siku ya kwanza, na kuongeza sehemu moja kila siku. Hata mwenyeji aliyetoka kuugua homa ahesabiwe kuwa mgeni.

Maji ya kunywa yawepo ndani ya ghala, si kisimani. Kikombe kimoja cha robo lita kila baada ya dakika 15 au 20 kinatosha. Kunywa lita nyingi kwa mkupuo hakufai, na kupita lita moja na nusu kwa saa kunaweza kudhuru. Chumvi ya chakula cha kawaida inatosha kwa mtu aliyekula. Mtu aje kazini ameshiba uji.

Limebaki suala la fedha, maana najua ndilo litakaloulizwa kwanza. Vipimajoto viwili, kitambaa, pipa la maji lenye mfuniko na bomba, na vikombe, vyote viingizwe katika kifungu cha gharama za ghala, kwa stakabadhi, baada ya kamati kupitisha na namba ya muhtasari kuandikwa kwenye hati ya malipo. Kipimajoto kilicholoa kisomwe saa 3, saa 6 na saa 9, na mshika ghala aandike masomo hayo katika daftari la ghala, safu ya maelezo. Mkaguzi atakapofika ataliomba daftari hilo pamoja na la mizani.